Unyayo wa Mjomba

Kwa misimu miwili ya kiangazi nilifanya kazi na mtafiti aliyeheshimiwa sana katika jambo ambalo watu wengi hulicheka. Huko Amerika wenzake hutafuta jitu lenye manyoya na miguu mikubwa. Yeye alitafuta watu wadogo wenye manyoya, wa kimo cha mtoto wa darasa la tatu, ambao warina asali wa vilima vya Chemba wamesimuliana habari zao tangu zamani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo, mtaalamu wa wanyamapori. Mimi nilikuwa mkalimani wake na mwandishi wa daftari lake.

Nilimwamini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgumu kuamini. Mtu akileta manyoya, aliyatazama kwa lenzi na kusema ni ya mbuzi. Mlio uliowatisha wanawake kisimani alisema ni wa komba, na baada ya siku mbili akatuonyesha komba mwenyewe juu ya mti. Mzee mmoja alileta unyayo aliouchora kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. "Nungunungu," alisema, na mzee akaondoka amenuna. Alinifundisha kuandika saa, aina ya udongo, hali ya hewa na majina ya waliokuwepo. Jioni alilisoma daftari mstari kwa mstari, na penye "labda" yangu alipiga duara kwa kalamu nyekundu.

Msimu wa pili tulifikia kwa mjomba wangu, kaka yake mama, anayefuga mbuzi pembeni ya korongo la mchanga. Mjomba alianguka motoni kabla hajajua kutembea. Mguu wake wa kulia ulipona vibaya. Vidole vinne viligandana, kidole gumba kikabaki peke yake pembeni, na unyayo wenyewe ukadumaa, mfupi na mpana. Hajawahi kuvaa kiatu cha dukani. Huvaa katambuga anazokata mwenyewe kutoka kwenye tairi, moja kama za watu wengine, nyingine kama mwiko. "Mwenzake na huu yuko jikoni anasonga ugali," huwaambia wageni, kabla hawajapata nafasi ya kumwonea huruma.

Siku ya kwanza alimsikiliza mtafiti akieleza tulichokuja kutafuta, kisha akanigeukia na kusema kwa lugha yetu, ile ya kugonga ulimi, "Muulize mgeni, nikimkamata huyo mtu wake nimfunge na mbuzi au nimpe kiti?"

Nilitafsiri. Mtafiti alicheka sana. "Mwambie ampe kiti."

"Basi aje nacho. Hapa viti ni viwili, na wewe umekalia kimoja."

Siku ya tatu, mjomba akiwa anaosha miguu, nilimwona mtafiti ameacha kuandika. Aliutazama ule mguu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nimweleze mjomba kwamba ana rafiki mjini, fundi wa viatu vya miguu ya aina hiyo, na kwamba fundi angehitaji chapa ya unyayo.

Nikamweleza. Na kabla mjomba hajajibu, niliongeza maneno yangu mwenyewe ambayo mtafiti hakuyasema. Nilimwambia, "Mjomba, huyu mzee hasemi uongo. Nimekaa naye."

Mjomba aliendelea kujifuta maji. "Vya kamba?"

"Anauliza kama vitakuwa vya kamba."

"Vya kamba," alisema mtafiti.

"Vyeusi?"

"Rangi yoyote aitakayo."

"Vyeusi basi," alisema mjomba. "Vya kanisani."

Tulimpeleka korongoni, kwenye tope lililozunguka kisima. Mtafiti alitaka akanyage pale, si kwenye ubao, eti uzito ukae vizuri. Mjomba alipiga hatua tatu. Mimi nilikoroga unga mweupe wa plasta, ule wa kufungia mifupa iliyovunjika, nikaumimina kwenye alama ya katikati, nikanyoosha futi ya fundi cherehani kando yake ili mtafiti apige picha. Halafu akaniambia nichukue tawi nifute alama zilizobaki, zetu na zake. Nilifuta. Katika daftari niliandika saa, nikaandika udongo. Mahali pa waliokuwepo aliniambia niache wazi, angejaza yeye, na jioni hiyo daftari halikurudi mikononi mwangu. Mimi ambaye huuliza hata bei ya kitu nisichonunua, siku hiyo sikuuliza neno.

Mvua zilikuja zikaisha. Kila nilipompigia simu mjomba alinisalimia, akanipa habari za mbuzi, kisha akauliza, "Na fundi?" Kila nilipomuuliza mtafiti, alinijibu kwamba fundi ana kazi nyingi.

Kisha ukaja mkutano wa watafiti katika ukumbi wa Chimwaga, mjini. Nilitoka nyumbani Makole mapema, nimepiga pasi shati, kwa sababu mtafiti alikuwa ameniambia kwamba jina langu limeandikwa la pili kwenye ripoti, chini ya lake. Ndani ya ukumbi kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, na juu yake chapa ya mguu wa mjomba. Sikuhitaji kuikaribia. Niliwahi kuutoa mwiba mguu ule, nimeuweka mapajani mwangu. Ukutani palikuwa na picha yake kubwa, na mkono ulioshika futi ulikuwa wangu. Mtafiti alieleza jinsi alama ile ilivyopatikana moja tu, kando ya maji, mbali na makazi ya watu. Alisema mpangilio wa vidole haufanani na wa mnyama yeyote anayejulikana, wala wa binadamu.

Mama mmoja wa makamo, mtafiti wa nyani, alinyoosha mkono. "Nani alikuwepo wakati wa kuchukua chapa?"

"Msaidizi wangu yupo pale," alisema mtafiti, akinionyesha.

Nikasimama. "Nilikuwepo," nilisema.

"Na alama uliiona ardhini kwa macho yako?"

"Niliiona."

Watu wakapiga makofi. Nikakaa. Sikuwa nimesema neno moja la uongo.

Wakati wa chai nilimkuta mtafiti wangu kwenye korido. "Mzee, ule ni mguu wa mjomba."

"Punguza sauti."

"Viatu je?"

"Nimetembea vilima vile tangu hujazaliwa," alisema. "Wapo. Najua wapo. Lakini hakuna anayegharamia safari kwa sababu mtu fulani anajua. Wanataka kitu cha kushika."

"Si ungewapa manyoya ya mbuzi."

"Manyoya ya mbuzi wanayajua," alisema, akarudi ndani na kikombe chake.

Nilikwenda Chemba Jumamosi. Mjomba alikuwa anafunga mlango wa zizi. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, tangu kitambaa cha kijani mpaka makofi.

"Kwa hiyo mimi ni yule mtu wa kupewa kiti," alisema.

"Ndivyo alivyowaambia."

"Na wewe ulisemaje?"

Nikamwambia nilichosema.

Alimalizia kufunga kamba ya zizi, akaivuta mara mbili kuona kama imekaza. "Habari ya viatu alinidanganya yeye. Mimi simjui, alikuwa mgeni tu. Ile habari kwamba hasemi uongo, nani aliniambia?"

"Ni mimi, mjomba."

"Kwa lugha ya mama yako."

Aliuliza yule mama aliyeuliza swali ana ofisi wapi. Nikajitolea kumpeleka na kumtafsiria, kwa sababu Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Alisema kumpeleka sawa.

Jumatatu tukafika. Njiani hatukuongea ila habari za kushuka na kupanda. Mbele ya mlango wa ofisi alinionyesha benchi, akapiga hodi mwenyewe, akaingia. Mlango ulibaki wazi kidogo. Nilimwona akiinama kuvua katambuga. Nilimsikia akisema, polepole, akitafuta kila neno, "Mama, wewe uliuliza nani alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Tazama."

Kiti kilisogea. Baadaye kidogo yule mama alikuja mlangoni, mkononi ameshika futi, uso umembadilika. Alinitambua.

"Kuna maneno hayaelewi vizuri," aliniambia. "Ingia utusaidie kutafsiri."

Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu.

"Tunaelewana, mama," alisema mjomba kutoka ndani. "Funga mlango."