Wiki Niliyobeba Swali la Mzee Njoroge

Jumatatu asubuhi niliondoka Nakuru na gari langu kuukuu, jina la Wambui likiwa limenikaa kichwani. Mimi ni mwakilishi wa wadi upande wa Gilgil, na kabla ya siasa nilikuwa mwalimu. Bunge la kaunti lilikuwa limetupa wiki nzima ya kuzunguka wadi zetu tukaangalie hali ya shule. Siku chache kabla ya hapo, mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa alikuwa amenipigia simu. Wambui, msichana wa kidato cha tatu, alipata mimba akatoroka nyumbani. Sasa amejifungua na anaishi kwa shangazi yake Kamere, kando ya Ziwa Naivasha.

"Muhula umeanza na nafasi yake ninayo," mwalimu mkuu alisema. "Lakini akichelewa zaidi, Mheshimiwa, sidhani tutampata tena."

Jumatatu yote na nusu ya Jumanne zilikwisha kwenye shule za chekechea. Niliimbiwa, nikapewa uji, nikaonyeshwa choo kilichobomoka na darasa lisilo na madirisha, nikaandika yote. Jumanne alasiri ndipo nilipopanda mlima kwenda kwa baba yake Wambui.

Mzee Njoroge alikuwa akipalilia viazi. Ni mjane, mrefu, na koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya baridi ya huko juu. Alinipa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Kura bado ziko mbali," alisema. "Umekuja na nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamweleza haki ya mtoto wa kike, sheria ya kumrudisha mama mchanga darasani, maisha ya mbele ya Wambui. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikia. Nilipomaliza nilidhani nimemshika.

"Hayo yote nayajua," akasema. "Mama yake alipofariki, nani alikuwa akimsuka nywele aende shule? Ni mimi. Na akatoka hapa bila kuniaga."

"Ulimfukuza, mzee?"

Aligeukia viazi vyake. "Nilisema maneno."

Nikaaga, nikashuka hadi kwenye gari. Nilikuwa nimeshawasha injini nilipomwona anakuja, jembe bado mkononi. Akainama dirishani.

"Huyo mtoto," akasema, "ni msichana ama ni kijana?"

"Sijui, mzee."

"Basi ukienda, uangalie. Halafu uniambie."

Jumatano nilikuwa na mkutano wa wazazi mjini Gilgil. Walinigombeza kuhusu walimu wachache, nami nikaahidi machache kuliko nilivyozoea, maana akili yangu haikuwa pale.

Alhamisi asubuhi nilishika barabara ya ziwani. Kamere si wadi yangu. Hakuna mtu huko anayeweza kunipigia kura, na nakiri kwamba jambo hilo lilinipa wepesi fulani. Wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuwa wameshaingia kazini, na ploti za vyumba vya kupanga zilikuwa kimya. Wambui nilimkuta karibu na soko la samaki, amechuchumaa mbele ya beseni, akiwatoa samaki magamba kwa kisu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake ndani ya leso.

Nilipojitaja, hakuinua kichwa.

"Kama ni shule, Mheshimiwa, nataka. Lakini mtoto nitamwachia nani? Shangazi anatoka alfajiri. Na baba alisema nisikanyage kwake tena."

"Baba yako amenituma."

Kisu kikasimama.

"Ameniambia niangalie kama mtoto ni msichana ama kijana."

"Ameuliza?" Sasa alinitazama, na nikaona jinsi alivyo mdogo. "Baba ameuliza hivyo?"

"Amenifuata hadi kwenye gari akauliza."

Alijifuta mikono kwenye sketi, polepole, kidole kimoja kimoja, halafu akamfungua mtoto akanipa. "Ni msichana. Anaitwa Wangari. Ni jina la marehemu mama."

Nilimpigia mzee simu palepale, nikamwambia. Niliangalia simu nikidhani mtandao umekatika.

"Mzee, uko?"

"Niko," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Waambie wavae nguo nzito. Huku ni baridi."

Tulimngoja shangazi arudi kutoka kazini. Alilia kidogo, akawafungashia samaki wa kukaanga, akasema waende.

Ijumaa nilikwenda kuwachukua, na saa sita hivi tulikuwa mlimani. Mzee alikuwa kwenye lango. Wambui alishuka, akasimama mbele yake. Mzee alinyoosha mikono akampokea mtoto, akafunua shali, akatazama ule uso.

"Wangari," akasema. "Umefika?"

Kisha akamwambia binti yake, bila kumwangalia, kwamba chai iko motoni.

Jumamosi nilirudi Nakuru na daftari lililojaa vyoo na madirisha. Nimekaa mbele ya watu miaka mingi, darasani na jukwaani, na wiki hiyo nilitambua kwamba karibu kila mara nimefika nikiwa na jibu mkononi. Mzee Njoroge hakuhitaji jibu langu. Alikuwa na swali, na hakuwa na mtu wa kulibeba.

Jumatatu mchana mwalimu mkuu alinipigia simu, anacheka na anapenga kamasi. Wambui yuko darasani. Na wakati wa mapumziko mzee mmoja amefika langoni na mtoto mgongoni, amemfunga kwa shuka la kitanda, anataka mtoto anyonye. Mlinzi akafungua kitabu cha wageni, akamuuliza aandike amekuja kama nani.

"Andika mzazi," mzee akamjibu.