Karela za Mutheu na Masaa Tisa ya London

Siku yangu ya kwanza kwenye kibanda cha kupakia mboga, Sultan Hamud, niliambiwa nikate kucha. Ilikuwa miaka ya sabini na nilikuwa mama kijana niliyeishia darasa la tatu tu. Tulipakia karela, ile mboga chungu yenye manundu wanayoipenda Wahindi wa London. Karela hupakiwa ikiwa kijani na ngumu. Ikikaa kwenye joto inageuka manjano, basi hakuna wa kuinunua. Kila mpakiaji alitia kikaratasi cha namba yake ndani ya katoni, ili kosa likitokea lijulikane ni la nani.

Namba saba ilikuwa ya Mutheu, mama aliyetoka kijiji cha Matinyani. Hakuna aliyemshinda kwa wepesi. Kila Jumatatu katoni zake ndizo zilikuwa za kwanza kujaa, zikapangwa chini ya mabati kungoja lori. Na lori haikutoka mpaka ijae kwa katoni za wenzake, Alhamisi.

Siku moja meneja akaja kusema namba saba imefika London ikiwa manjano.

"Mutheu, wewe huchagua kwa macho ama kwa kiwiko?"

"Zilikuwa kijani, Bwana Meneja. Zimeharibikia njiani."

"London ni siku tatu angani. Za wenzako zilipita wapi?"

Akamfukuza hapo hapo. Sisi tuliinamia katoni zetu.

Hizo siku tatu zilinisumbua. Jumapili nilimwuliza mwalimu wa kijijini kwetu, Mbumbuni, aliyekuwa na ramani. Akapima kwa uzi.

"Mama Kioko, nani amekudanganya? Ni zaidi ya kilomita elfu sita, kama kwenda Mombasa kutoka hapa karibu mara ishirini. Lakini ndege ikitoka Nairobi jioni, alfajiri iko London. Masaa kama tisa."

Jumatatu nilimwendea meneja mbele ya watu.

"Ndege ni masaa tisa. Siku tatu ni zako, hapa chini ya mabati."

"Wewe umepanda ndege lini?"

"Sijapanda. Wewe umepanda?"

Meza nzima ya wapakiaji ilicheka. Wiki hiyo lori ikaanza kuondoka kila jioni, ijae isijae, na manjano ikaisha. Lakini meneja hakukubali kosa hata kwa neno moja. Namba saba akampa mtu mwingine. Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka: mwepesi kuliko sisi wote ndiye aliyefukuzwa, kwa sababu alimaliza mapema.

Nilipakia mpaka miaka ya tisini, mgongo ulipokataa. Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Matinyani. Nilimkuta Mutheu akipepeta pojo, nikamweleza yote, ramani, uzi na masaa tisa. Hakuacha kupepeta.

"Hayo niliyajua," akasema. "Siku ile nilipofukuzwa mlikuwa kumi na mmoja mezani, na lori mlikuwa mmeiona imesimama siku tatu. Ramani ilikuwa ya nini?"