Kerezo Lililosikiliza Taarabu

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu hata watu wa nyumbani wakaniuliza kulikoni. Jana nimekuona ukipita hapa Kuze umekumbatia kompyuta kuukuu, nikaambiwa wataka kuifunga kwenye mashine ya mbao ya marehemu babako. Nikasema huyu lazima nimwite. Kaa hapo. Kahawa ni ya moto, usiifanyie haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na ujuaji umenijaa mpaka utosini. Fundi Salim, aliyenifundisha ukerezaji, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, akaniachia kerezo lake dogo, ile mashine ya kuzungusha ubao huku kisu kikiuchonga. Kisu chake kilisogezwa kwa magurudumu mawili ya mkono. Mimi nikayang'oa, nikatia mota mbili, nikavuta nyaya mpaka kwenye kompyuta ambayo ofisi moja mjini ilikuwa ikiitupa. Nyuma ilikuwa na lile tundu pana la printa za zamani, na humo ndimo zilimopita amri: nenda, rudi, ingia, toka. Wallahi, siku kisu kiliposogea chenyewe nilipiga ukelele hata jirani akadhani pana moto!

Sasa basi, dada yangu Zuhura alikuwa aolewa. Shangazi alitaka kumnunulia kitanda cha dukani, Zuhura akakataa katakata. "Kitanda changu atanitengenezea kaka," akasema, tena mbele ya wanawake wote wa ukoo. Alhamisi alasiri wanawake wa upande wa mume walikuwa waje kukitazama. Kwa hiyo kitanda kikiharibika, aibu si yangu, ni yake. Nilikuwa na mbao za mvule za kutosha matendegu sita, yaani miguu sita ya kitanda: minne ya kutumia na miwili ya akiba.

Jumatatu nikatoa tendegu la kwanza, Jumanne la pili, yote mazuri ajabu. Jumatano asubuhi, kwa raha niliyokuwa nayo, nikafungulia taarabu kwenye kompyuta ile ile. Kwani kazi si yafanyika yenyewe? Nikakaa na mahamri na mbaazi zangu, kisu chachonga, bibi wa taarabu aimba, nami naitikia. Matendegu mawili ya mwisho yakatoka mimi nikilamba vidole.

Adhuhuri nikaunga kitanda. Subhanallah, kililala upande! Zuhura akaja na chupa ya chai, akaiweka juu yake, chupa ikateremka polepole mpaka ikaanguka. Akaiokota. Akanitazama tu, na mimi nikaona afadhali angenitukana.

Nikatoka mbio kwenda kwa Fundi Salim. Akaja na mkongojo wake, akaniambia niyafungue matendegu yote manne, akayasimamisha sakafuni yakiwa yamepangana. Mawili sawa. Mawili, pale mahali pa kukalia fremu, pameshuka nusu kidole.

"Uliyasimamisha hivi kabla ya kuunga?"

"Hapana, Fundi. Kompyuta ilionyesha namba sawasawa."

"Namba ya nini?"

"Ya mahali kisu kilipo."

"Kwani kompyuta ina jicho?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi haijui kisu kilipo. Yajua ilikokituma. Mimi nikikutuma sokoni, nami nimekaa hapa, nitaapa kuwa umefika? Wewe nakujua, utasimama kila kona na wenzako!"

Akachora mstari wa penseli kwenye chuma, chini ya kisu. Akaniambia nikitume kiende na kirudi pale pale, mara ishirini. Nikakituma, kikarudi juu ya mstari bila kasoro. Fundi akakuna ndevu. "Asubuhi ulikuwa ukifanya nini tena?"

Nikaona haya. "Nasikiliza taarabu. Humu humu kwenye kompyuta."

"Hebu mfungulie bibi aimbe."

Nikamfungulia. Kisu kikaenda, kikarudi, kikasimama unywele mmoja kabla ya mstari. Mara ya ishirini, nafasi imekuwa punje ya mchele. Na ile namba kwenye kioo, mwanangu, haikutikisika! Kompyuta dhaifu ile, ikishughulika na wimbo, ilidondosha amri njiani, mota hazikuzipata, nayo ikaendelea kuhesabu kama zimefika. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kerezo langu limekwenda harusini kabla ya bibi harusi!"

Mimi sikucheka. Zimebaki mbao mbili na siku moja. Nikamwomba anichongee yeye kwa mkono, nitarudisha magurudumu. Akaninyoshea mikono yake nione inavyotetemeka. "Hii haiwezi tena, baba. Tutachonga kwa mashine yako. Lakini macho utatia wewe."

Tukazima wimbo. Kila kisu kikipita, twakirudisha kwenye mstari, nainama, natazama, ndipo twaendelea. Kazi ya saa moja ikala nusu siku, na tendegu la mwisho tulilimaliza Alhamisi asubuhi. Tukayasimamisha yote manne. Fundi akayapapasa moja moja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani ukerezaji wangu umekwisha na mikono hii." Nikamshika mikono yote miwili, machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

Alasiri wanawake wakaja. Mama mkwe, mtu wa kilo zake, akajitupa kitandani kwa kishindo, na kitanda kikatulia tuli. Zuhura akapiga kigelegele mwenyewe, bibi harusi mzima!

Basi, mwanangu, kompyuta yako ifunge, nami nitakuja kukushikia nyaya. Iachie kazi moja tu. Kila kipande kisimamishe karibu na mwenzake, na usiridhike na namba mpaka umeinuka ukatazama. Wala hili si la mashine peke yake. Kila jioni wampigia simu mamako kule Likoni, akwambia hajambo, nawe wajilalia zako. Jumapili nilivuka nikampitia. Amekonda, mwanangu. Hajambo ile ni namba kwenye kioo. Hiyo mashine itakungoja. Maliza kahawa, ushuke Feri leo hii, uvuke ukamwone kwa macho yako.

Nenda, Mungu akufikishe, akukutanishe naye akiwa na afya. Na mikono yako Mola aitie baraka, kila ikigusacho kisimame imara. Amin.