Omad ya Kwao na Omad ya Kwetu

Mume wangu Sadriddin ni mtu wa aibu, na aibu yake siku moja nusura inikalishe eda. Nalisema wazi, maana yeye akisimulia huruka hapo.

Ni fundi wa nyaya za umeme. Kijiji chetu kiko Tajikistan. Mimi niliolewa nikitoka Uzbekistan, nyuma ya kilima kile. Kiangazi mito yetu hutupa umeme wa kumwaga. Baridi ikishika, maji hupungua, tukabaki na saa chache za umeme kwa siku, tukipika kwa mabua ya pamba na macho yakitutoka machozi. Wenzetu wa ng'ambo wana gesi, baridi haiwasumbui, ila kiangazi wanapungukiwa. Nipe nikupe, basi, hata mtoto angeliona hilo. Lakini wakubwa walinuniana, mpaka wa nchi ukafungwa, waya uliovuka kwenda Uzbekistan ukakatwa umeme. Hata kumwona mama yangu ikawa ndoto.

Miaka yote hiyo Sadriddin aliutunza waya uliokufa. Alikata matawi, alifukuza wezi, alinyoosha nguzo. Jirani yetu Bi Sharofat akinikuta tanurini naoka mkate huniambia, "Oydin, una bahati. Kijiji kizima wewe ndiye mwenye kamba ndefu ya kuanikia nguo."

"Ndefu kweli," nikamjibu, "lakini haijaufikia ulimi wako."

Nilimjibu hivyo, ila nyumbani nilirudi nimevimba.

Mwishowe wakubwa wakapatana. Umeme utakuja kwetu baridi, wetu utakwenda kwao kiangazi. Ikapangwa siku ya kujaribu waya, na tukaambiwa kipande chetu kikishindwa, tusubiri mpaka baridi ipite. Theluji ilikuwa imefika magotini. Mwanamke gani angetaka kusikia hayo?

Siku yenyewe, mchana, watu walijaa chini ya nguzo ya mwisho, iliyo karibu na ua wetu. Wengine walibaki majumbani, vidole kwenye swichi. Ng'ambo kwenye mtambo alikaa Matyokub, mtu wa Khorazm, pembe ya Uzbekistan iliyo mbali kabisa na huku. Makubaliano yalikuwa akishawasha tu, apige simu.

Simu ikalia. Sadriddin akasikiliza, akafunga, uso ukamng'aa. "Umekuja," akasema. "Washeni."

Wakabonyeza. Taa haikuwaka hata moja. Wakabonyeza tena. Hakuna.

Bi Sharofat akashusha pumzi. "Si nilisema. Kamba ya nguo."

Hapo ndipo aibu ilipomziba mume wangu masikio. Akavaa mkanda wake akaanza kupanda nguzo kutafuta hitilafu. Sheria ya mafundi ni kupiga simu kwanza, umeme ukatwe ndipo mtu apande. Anaijua kuliko anavyonijua mimi.

Mimi nilikuwa na birika la chai mkononi. Nikamwuliza, "Kakwambia nini huyo Matyokub?"

"Kiuzbeki cha mbio mbio, sikukipata chote. Mwisho kasema omad."

"Kasema omad kwa Kitajiki?"

"Oydin, niache nifanye kazi."

"Mtu wa Khorazm Kitajiki kakijulia wapi?"

Akazidi kupanda. Kiuzbeki cha mume wangu ni cha kumsalimia mama mkwe na kuomba chai. Kwao Watajiki omad ni "umekuja". Kwetu Wauzbeki omad ni bahati.

"Shuka, Sadriddin. Kakutakia heri tu. Hajawasha bado, sasa hivi atawasha!"

Akasita, lakini watu wanamtazama, na yeye na watu! Nikatupa birika, nikalirukia buti lake, nikaning'inia. Buti likanibaki mkononi. Akashuka kulifuata, akinilaani mbele ya kijiji kizima.

Bado anarukaruka kwa mguu mmoja kwenye theluji, waya ukaanza kuvuma juu yetu. Majumbani watu wakapiga kelele. Sadriddin akatazama juu, akanitazama mimi, akakaa chini pale pale kwenye theluji.

Simu ikalia tena. Niliipokea mimi, nalia.

"Dada, umeme umefika?" akauliza Matyokub.

"Umefika, kaka. Asante. Ila siku nyingine tafadhali usitutakie heri."

Bi Sharofat aliliokota birika, akalipangusa, akanipa bila neno. Kwake hiyo ni hotuba.

Jioni nilipika pilau kwa jiko la umeme, bila moshi, macho makavu. Nilimpakulia mume wangu, nikakaa karibu yake kuliko kawaida. Taa ilikuwa inawaka juu yetu, nami nikaitazama nikasema, "Omad."

"Ya kwenu au ya kwetu?" akauliza.

"Kula," nikamwambia, "pilau inapoa."