Telefone ndani ya bega la koti

Kwa radio walisema vita imeisha. Sisi wa njia ya kati ya miji ya Baraka na Fizi hatukuiona ikiisha. Kwenye bariyeri za waasi njiani, muntu akikutwa na telefone walimuita mupelelezi, na mupelelezi hakurudi kwake.

Bwana yangu alikuwaka mushonaji. Alikuwa na koti kuukuu ya Ulaya. Alifungua bega la kuume, akatoa sponji yenye inakaaka mule, akaingiza telefone ndogo, akashona tena. Sauti aliizima, akaiacha itetemeke tu. Mudogo wake, mwenye mutumbwi wa moteri, alibaki Baraka kusikiliza habari za njia kwa bamotari, bale wenye pikipiki. Inite za kuitia telefone ziliishaka mbio, kwa hiyo wote tulizoea kubipa: unaita, unakata kabla ajibu, ili yeye akuite. Wakapatana: bipu moja, endelea, bipu mbili, rudi. Bega lenyewe litamujulisha.

"Isikuwe kwa kitu kingine," bwana yangu alimuambia. "Hata mama akifa, usibipe."

"Yaya, we mukubwa wangu, lakini mi si mutoto."

Siku moja tukipeleka ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kuuza Fizi, Baraka ikiwa nyuma yetu, bega lilitetemeka mara moja. Tukaendelea, mimi nyuma na ndagala kwa kichwa, mupaka bariyeri ya mbele ya Fizi. Pale tulizoea: wanachukua samaki, wanakutukana, unapita.

Komanda wao akamuangalia bwana yangu. "Papa, bega moja limekula kushinda lingine?"

"Komanda, mwenye koti wa kwanza alikuwa na nundu. Mi nimeiriti tu, aliniachia na nundu yake."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Komanda akamupiga mukono begani, kirafiki, akauacha pale pale. Ndipo koti ikatetemeka.

"We mushonaji, koti yako iko na malaria?"

Ikatetemeka tena. Na tena. Akatoa kisu, akapasua bega polepole, kama vile bamama wanapasuaka samaki.

Walimupeleka nyuma ya shule. Mimi waliniambia niende, na nikigeuka wataniunganisha naye. Sikugeuka. Bunduki niliisikia kabla ya kufika mutelemuko.

Matanga tuliikalia bila maiti. Shemeji, ule mudogo wake wa Baraka, alilia kushinda bote. Nikamuuliza mbele ya watu: "Ulibipa ya nini?"

Akasema alitaka kujua kama ndagala iko na wanunuzi Fizi. Kwa kuwa hakuna mwenye alimurudilia telefone, akabipa tena.

Ninasema waziwazi: wenye walimuua ni wawili, ule komanda na shemeji yangu. Komanda walimuingiza jeshini, leo anavaa galo za cheo begani. Shemeji iko shemasi, anatugawia mukate wa Bwana. Pasta aliniambia nisamehe, kwa kuwa shemeji alilia sana. Siku ya meza ya Bwana nakaa benchi ya nyuma. Shemeji akifika kwangu na sahani, nafunga kinywa. Anangoja kidogo, halafu anapita kwa mwingine.