Saa Nne ya Nani?

Siku ya harusi ya Lelise, Gutama alimwogesha farasi wake Dama mara mbili kwa sabuni ya kufulia, akamchana mkia, kisha akalizungushia gari lake la kukokotwa waridi tele kutoka mashamba ya maua.

"Gashe Gutama, Dama anaolewa leo?" Kijana Tolosa alimpigia kelele kutoka kwenye bajaji yake, akitumia lile "Gashe" la kuwaheshimu wazee.

"Anaolewa. Wewe na kibati chako hamkualikwa."

Akacheka, akarudi kukaza maua. Tangu bajaji zijae Bishoftu, waliomkumbuka walikuwa wanawake wenye magunia ya nafaka ya tefu tu. Meneja wa hoteli ya kando ya ziwa Babogaya alikuwa amemwambia wazi: harusi hii ikipendeza, langoni pana nafasi yake ya kubeba wageni, isipopendeza, basi. Na mke wa Gutama alishampata mnunuzi wa Dama, anakuja Jumamosi.

Bwana harusi, Natoli, aliyekulia ughaibuni, alikuwa ametuma ujumbe kwa wote: saa nne. Saa nne kamili, jua likipanda, Gutama akafika kwa bibi harusi. Alimkuta Lelise ameketi kizingitini na shela lake, amenuna. Mama mtu alikuwa ameshamimina kahawa ya raundi ya tatu. Natoli hayupo.

Lelise akapiga simu.

"Bado nanyoa ndevu," Natoli alisema. "Si nilisema saa nne?"

"Ndiyo sasa saa nne!"

"Saa nne ya alasiri, mpenzi."

"Alasiri haina saa nne, mwanaume wewe! Umeiokota wapi?"

Aliiokota huko huko alikokulia, ambako watu huanza kuhesabu siku usiku wa manane, wakiwa wamelala. Shangazi walipoanza kunong'onezana, Lelise akapanda gari. "Gashe, niondoe hapa. Wananitazama kama maiti."

Wakazunguka polepole ziwa Hora, lililojaza shimo la volkano ya kale. Chini kabisa maji yalikuwa kimya, kama mlima uliokasirika zamani sana ukasahau kwa nini. Lelise alivua viatu. Gutama akamfungua Dama apumue, yeye mwenyewe akaegemea mti. Wote wawili wakapitiwa na usingizi.

Walipoamka, gari lilikuwa limebaki na vijiti. Dama alikuwa anamalizia waridi la mwisho, macho nusu wazi, kama shemasi anayeonja divai.

"Nimekwisha," Gutama alisema. Akakaa chini. "Mwanangu, Jumamosi huyu anauzwa."

Lelise alimtazama farasi, akamtazama mzee. Akavaa viatu. "Mfunge twende."

Saa kumi, ile saa nne ya Natoli, wakaingia langoni mwa hoteli. Wageni wakageuka. Meneja akalitazama gari lile tupu, akakunja mikono. Natoli akaja mbio. "Maua yako wapi?"

"Yameliwa," Lelise akajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Ungechelewa zaidi ningeliwa mimi."

Shangazi wakapiga vigelegele, wageni wakaangua kicheko. Kila mtu akataka picha na Dama, ambaye alikuwa bado na petali jekundu mdomoni, kama aliyepakwa rangi. Hata Natoli akapiga, akibembeleza msamaha.

Meneja alimsogelea Gutama, akijikaza asicheke. "Kesho kuna harusi nyingine. Uje saa tatu."

Gutama akashika hatamu kwa nguvu. "Saa tatu ya nani?"

Meneja, mzaliwa wa pale pale, akatupia jicho saa ya kigeni juu ya mapokezi, kisha akatazama jua.

"Yetu, Gashe. Na umlishe kwanza."