Mshenga Aliyebakizwa Uani

Elieza wa Makambako alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na hakupata watu wawili waliokubaliana maana ya umri huo. Dukani kwake karibu na stendi, pale anapochapa barua, kurudufu vyeti na kupiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha buluu, wanafunzi walimwamkia shikamoo tangu wakiwa barabarani. Wengine walimwita mzee, tena bila utani. Lakini akipanda Njombe, nyumbani kwao Mjimwema, kwenye kikao cha ukoo, mambo yaligeuka. Baba mkubwa Abrahamu alikuwa akisema, "Vijana, leteni viti," na Elieza akainuka kwenda kuleta viti. Vikipungua, na viti vya ukoo hupungua siku zote, aliyesimama ukutani ni yeye.

Tusimwonee huruma haraka. Michango ya harusi ilipopangwa alipewa kiwango cha vijana, na hatujasikia kwamba aliwahi kukikataa.

Kosa lake machoni pa ukoo lilikuwa moja tu: hajaoa. Si kwamba hakutaka. Wenzake wa rika lile waliambiwa wasome kwanza, wakasoma. Wakaambiwa wasubiri ajira, wakasubiri. Elieza alisomea ualimu chuo kikuu, akasubiri kupangiwa shule, na akiwa bado anasubiri, wasichana aliowaandikia barua na kuzinyunyizia manukato waliolewa mmoja baada ya mwingine. Sasa watoto wao walikuja dukani kwake kurudufu vyeti. Yeye ndiye aliyewapiga picha, akiwaambia wainue kidevu kidogo, na kila kidevu alikijua kilikotoka.

Siku moja alisoma kwenye simu kwamba watu wa umri wake wana jina lao duniani kote, wanaitwa kizazi cha milenia. Alifurahi kama mtu aliyegundua kwamba ana kabila la pili. Wabena wenzake aliwajua. Hawa wengine hakuwahi kuwaona, lakini habari zao zilikuwa zake kabisa: elimu nyingi, kazi vipandevipande, mgongo unaouma bila sababu, na ule ukalimani wa kuwafundisha wazazi kutumia simu huku ukiwaomba wadogo zako wakufundishe wewe. Akaituma makala ile kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, akaandika chini yake: "Someni, ndiyo sisi hawa." Baba mkubwa Abrahamu akajibu kwa picha ya maua ya Kitulo iliyoandikwa "Asubuhi njema". Ilikuwa saa kumi jioni.

Basi ndipo likatokea jambo la Rodrick. Huyu alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, ana miaka ishirini na minne, na alikuwa amempata Erica, binti wa Mzee Kefa wa Mdandu. Kwa miaka mingi ushenga wa ukoo ulikuwa wa baba mkubwa Abrahamu na mzee mwenzake mmoja, lakini miguu ya yule mwenzake ilikuwa imegoma safari. Baba mkubwa akamtazama Elieza kwa muda mrefu, kama mtu anayeutazama mti wa mbao akijiuliza kama umefika kuvunwa. Kisha akasema watakwenda wote wawili.

Elieza hakulala vizuri kwa furaha. Mshenga hawezi kuwa kijana. Hilo halina ubishi. Akirudi kutoka Mdandu na neno la ndiyo, nani tena angemtuma viti? Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kuitaka ajira. Akafunga duka mapema, akasimama mbele ya kile kitambaa cha buluu, akajizoeza ile lugha ya kuzunguka ya washenga: tulikuwa tunapita njia, tukaliona ua bustanini kwenu, tukauliza mwenye bustani ni nani. Akajipiga na picha kadhaa aone kama uso unatosha. Katika picha zote alionekana kama mtu anayeomba pasipoti.

Waliondoka Julai, kwenye baridi ile inayoacha majani meupe asubuhi. Elieza alivaa koti zito la marehemu baba yake, refu hadi magotini, na ndani yake alikuwa mtu mzima kabisa. Rodrick alivaa suruali iliyochanwa magoti kwa makusudi, akaambiwa na baba mkubwa ajifunike shuka.

Kwa Mzee Kefa mlango ulifunguliwa na Dorkasi, dada yake Mzee Kefa, shangazi yake Erica. Watu wa Mdandu wangekuambia kwamba nyumba ni ya Kefa lakini mlango ni wa Dorkasi. Akawasalimu kwa Kibena, kamwene, akamwelekeza Rodrick uani, akapokea kofia ya baba mkubwa, kisha akaliona lile koti la Elieza na upara unaoanza kuchungulia, akampa mkono kwa heshima zote, huku goti limekunjwa kidogo. Elieza akahisi joto hadi miguuni.

Ndipo Dorkasi akauliza kama mama watoto hajambo.

Mtu mwingine yeyote angejibu hajambo na kuingia kunywa chai. Lakini Elieza alilelewa shule ya Jumapili.

"Bado, shangazi," akasema.

Dorkasi akalirudisha goti lake mahali pake. Akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba katika nyumba ile mtu ambaye hajaposewa mke hamposei mwenzake. Ilikuwa hivyo tangu kwa babu yao, na hata mwinjilisti mmoja kapera aliwahi kurudishwa mlangoni pale. Mzee Abrahamu aingie. Vijana wako uani, wanamenya viazi.

Elieza alimtazama baba yake mkubwa apate msaada. Baba mkubwa alikuwa ameshaingia, na kwa ile sauti ya chai ikimiminwa ilikuwa wazi kwamba hatatoka.

Uani kulikuwa na vijana watano au sita wamezunguka karai la viazi, na Rodrick katikati yao, keshazoeana nao. Walikuwa wanacheka sana. Elieza alipotokeza kwenye kona wote wakasimama, wakasema shikamoo kwa pamoja, mmoja akampisha kigoda, mwingine akauliza kama atapenda asogezewe moto. Kisha wakanyamaza. Ule ulikuwa ukimya wa vijana wanaposubiri mkubwa aondoke, na Elieza aliujua vizuri sana maana amewahi kuunyamaza mwenyewe.

Akajaribu kuwachangamsha. Aliwasimulia jinsi enzi zake mtu alivyokuwa akibipu mara moja kumaanisha nimefika na mara mbili kumaanisha nakupenda, na jinsi alivyowahi kubipu mara mbili kwa bahati mbaya kwa mwalimu wa zamu. Wakamsikiliza kwa adabu. Kijana mmoja akauliza kama hayo yalikuwa kabla ya uhuru au baada.

Iliuma, tuseme ukweli. Kule ndani ni mtoto, hapa nje ni mzee, na katikati ya mlango na karai hakukuwa na mtu hata mmoja wa kabila lake. Akachukua kisu akaanza kumenya.

Haukupita muda Dorkasi akaja na simu ndogo ya vibonye, akampa Rodrick. Akasema Mzee Kefa anaomba mkwe mtarajiwa aiangalie, haishiki chaji tangu Pasaka. Rodrick akaigeuzageuza, akasema kwa heshima kwamba yeye hajui kutengeneza simu. Dorkasi akamkazia macho, akaichukua, akarudi ndani. Muda si muda sauti ya Mzee Kefa ikasikika hadi uani.

Kumbe ndani baba mkubwa alikuwa ameulizwa kazi ya Rodrick, na kwa kuwa hakuwahi kuielewa, akajibu kwamba anafanya kazi ya simu. Sasa Mzee Kefa alitaka kujua ni ufundi gani huo wa simu usioweza kugusa simu. Mtu anayedanganya kazi, alisema, atadanganya na mengine, na binti yake si wa kupelekwa kwa watu wa namna hiyo. Rodrick akabaki na kiazi mkononi. Ujanja wote wa miaka ishirini na minne ulikuwa umemwishia.

"Kaka Elieza," akasema, "wewe ndiye unayewaelewa wazee. Niambie nifanye nini."

Elieza akanyanyuka. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, kwa hiyo hakukivuka. Alisimama nje ya mlango, koti limejaa maganda ya viazi, akaomba ruhusa ya kusema akiwa palepale. Ile hotuba ya ua na bustani haikumjia hata kidogo.

Alimuuliza Mzee Kefa kama anakumbuka zamani viazi viliuzwaje. Mzee akasema anakumbuka: mtu wa lori alikuja, akaona shamba, akaenda kuwaambia watu wa Dar es Salaam, wakanunua.

"Rodrick ndiye mtu wa lori, baba," Elieza akasema. "Ila hana lori. Anapiga video ya shamba, watu wa Dar wanaliona wakiwa kwao, wanaagiza, na mwenye shamba anampa chake."

Mzee Kefa akataka kuiona hiyo video. Simu ya Rodrick ikapita mkono kwa mkono hadi ndani. Ilikuwa ya shamba la parachichi hapohapo Mdandu, la jirani ambaye Mzee Kefa hasalimiani naye kwa sababu ya mpaka. Mzee aliitazama hadi mwisho, akairudia.

"Mwongo huyu," akasema. "Shamba lake si kubwa hivi." Akairudia tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama kijana anaweza kuja kupiga na la kwake kabla msimu haujafika. Baba mkubwa Abrahamu akaomba chai nyingine, na hapo kila mtu akajua kwamba Erica amepatikana.

Elieza alikuwa anageuka kurudi kwenye viazi Mzee Kefa alipomwita. Alitaka kujua yeye mwenye maneno hayo mazuri anafanya kazi gani.

Elieza akasema ukweli. Ni mwalimu, lakini hajapangiwa. Alifundisha kwa kujitolea kwa muda, akaacha, akauza bima. Akafuga kuku wa mayai hadi walipopatwa na kideri. Sasa ana duka la kuchapa na kurudufu, ni wakala wa kutuma pesa, asubuhi kabla ya kufungua huwapelekea mafundi mbao za watu, Jumamosi anauza miche, Jumapili anafundisha kwaya, na usiku huwajazia vijana maombi ya kazi kwenye kompyuta, pamoja na la kwake.

Mzee Kefa akahesabu kwa vidole.

"Hizo ni kazi za watu wangapi?" Mzee Kefa akauliza.

"Zangu mwenyewe, baba."

Dorkasi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza: macho mekundu, mabega, mkono uliobaki umeshika kisu cha viazi bila mwenyewe kujua.

"Kaka," akamwambia Kefa, "mtu aliyechoka namna hii si kijana. Aingie."

Elieza akaingia. Alikuwa amekusudia kukaa kishenga, mgongo wima na mikono juu ya magoti, lakini alipolifikia kochi mwili ulijiachia wenyewe, na kifuani mwake ikatoka ile pumzi ndefu ya watu wazima wanapokaa. Baba mkubwa Abrahamu akashusha ya kwake. Mzee Kefa akashusha ya kwake. Dorkasi akamletea kikombe.